Sukari na AVC Bukavu: tone la damu lenye kusahauliwa kabla ya safari ya hospitali

Bukavu – Katika mitaa ya Kadutu, Ibanda na Bagira, habari ya mtu aliyeanguka inakwenda mbio kupita gari ya hospitali. «Muzee ameanguka! Mukono hauinuki, mudomo umekwenda upande!» Majirani wanajaa kwenye parsele. Kabla pikipiki haijapatikana, kila mtu amekwisha kutoa jina la ugonjwa. Wa kwanza anasema ni tansio. Wa pili anasema ni sukari, maana muzee alikuwa anakunywa dawa ya sukari. Wa tatu anashusha sauti na kutaja bulozi. Jina litakaloshinda ndilo litaamua familia inakimbilia wapi: kituo cha afya, chumba cha maombi ao kwa muganga wa miti.

Hospitalini jambo hilo linaitwa AVC. Kiswahili cha Tanzania na Kenya kinasema kiharusi. Damu inaacha kufika kwenye sehemu fulani ya ubongo, ao kwa sababu mshipa umezibwa, ao kwa sababu umepasuka. Na kati ya majina yale yanayotajwa kwenye parsele, sukari ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Kuna wanaofikiri haina uhusiano wowote na kichwa. Kuna wengine wanaofikiri kwamba mtu akianguka, dawa ni kushusha sukari mbio mbio, hata kwa kumwongezea vidonge pale nyumbani. Pande zote mbili zinakosea, na kosa la pili linaweza kuua siku ileile.

Uharibifu unaanza miaka mingi kabla

Mtu mwenye ugonjwa wa sukari ana hatari kubwa ya kupata AVC kuliko asiye nao. Uchambuzi mmoja uliotoka mwaka wa 2010 katika jarida la kitabibu The Lancet ulikusanya tafiti 102 zenye watu karibu 700,000. Kwa AVC ya mshipa kuzibwa, hatari ilipita mara 2. Kwa ile ya damu kumwagika iliongezeka pia, ingawa si kwa kiasi hicho.

Lakini swali la kupata AVC ni moja, swali la uzito wake ni lingine. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kuanguka siku moja: mmoja, kisha mwezi, amerudi sokoni kuuza sambaza, mwingine amebaki kitandani bila kuweza kusema. Sukari haielezi yote. Inategemea mshipa gani ulizibwa, saa ngapi zilipita, tansio ilikuwa ngapi. Hata hivyo tafiti nyingi za hospitali katika nchi mbalimbali zinarudia jambo moja: wale ambao sukari yao ilikaa juu kwa miezi mingi kabla ya kuanguka, kwa wastani wanafika wakiwa katika hali mbaya zaidi na wanachelewa kupata nafuu. Si kila utafiti unaona tofauti ya kiasi kimoja, lakini wengi wanaelekea upande huo.

Sababu yake si ya ajabu. Sukari iliyozidi inachakaza ukuta wa mishipa ya damu. Mshipa unapoteza ulaini wake, mafuta yanashika ndani, damu inaganda upesi. Na kinachoumiza zaidi ni mishipa midogo. Mtu wa Bukavu anaelewa hilo bila shida: mvua ikibomoa barabara kubwa, watu wanapitia vichochoro na maisha yanaendelea. Ubongo nao una vichochoro vyake. Mshipa mkubwa ukizibwa, damu inajaribu kuzungukia kwenye midogo ili kuokoa sehemu ambayo haijafa bado. Kwa mtu aliyeishi miaka 10 na sukari ya juu, vichochoro hivyo mara nyingi vimekwisha kuharibika kabla ya siku ya hatari.

Hospitali inaweza kujua sukari ilikuwa namna gani katika miezi iliyopita. Kuna kipimo cha damu kinachoangalia sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu. Chembe hizo zinaishi siku 120 hivi, kwa hiyo zinabeba kumbukumbu ya miezi 2 ao 3. Kwa watu wazima wengi wenye ugonjwa wa sukari, wataalamu wanaomba namba hiyo ikae karibu na asilimia 7 ao chini. Kipimo cha kidole ni kingine kabisa, kinasema sukari ni ngapi dakika hii. Ndiyo maana kuna wagonjwa wanaomdanganya munganga bila hata kujua: wanajinyima bugali na chai ya sukari siku mbili kabla ya randevu, kidole kinaonyesha namba nzuri, kila mtu anafurahi. Kipimo cha miezi 3 hakidanganyiki hivyo. Lakini nacho kina udhaifu wake: mtu mwenye upungufu wa damu ao ugonjwa wa siklemi anaweza kupewa namba isiyo ya kweli, na matatizo hayo si machache huku kwetu. Tena kinaomba maabara na pesa, kwa hiyo wagonjwa wengi wa mitaa ya juu ya Kadutu hawajawahi kukifanya hata mara moja.

Kuna pia wale ambao hawajui kabisa kama wana sukari. Shirika la kimataifa la ugonjwa wa sukari, FID, lilihesabu mwaka wa 2021 kwamba watu wazima milioni 24 hivi wanaishi na ugonjwa huo katika eneo la Afrika, na kwamba zaidi ya nusu yao, asilimia 54, hawajapimwa. Kwa mtu wa namna hiyo, AVC ndiyo inayomletea habari ya sukari yake.

Siku yenyewe: mbabula katika chumba kilichofungwa

Sukari inafanya kazi mbaya mara ya pili siku yenyewe ya AVC. Kila mama wa Bukavu anajua kwamba mbabula ya makala haiachwi ndani ya chumba kilichofungwa. Moto unaendelea kuwaka, lakini kwa kuwa hewa ni kidogo, unatoa sumu inayoua watu wakiwa usingizini. Ubongo uliokosa damu umekosa pia oksijeni. Sukari iliyojaa pale inaendelea «kuwaka» bila hewa ya kutosha, na badala ya nguvu ya kawaida inatoa asidi. Asidi hiyo inaua chembe ambazo zingeweza kungoja msaada saa chache zaidi. Isitoshe, mshipa ukifunguka na damu ikarudi, sukari ya juu inaongeza hatari ya damu kumwagika ndani ya sehemu iliyokwisha kulegea.

Mwaka wa 2001 watafiti walikusanya tafiti mbalimbali juu ya wagonjwa wa AVC waliofika hospitali na sukari juu. Kwa wale ambao hawakuwa wanajulikana kuwa na ugonjwa wa sukari, hatari ya kufa katika siku za kwanza ilikuwa karibu mara 3 kuliko wenzao wenye sukari ya kawaida. Namba hiyo inatisha, lakini lazima kuisoma kwa uangalifu. Mwili wenye kushambuliwa unatoa homoni za hofu, na homoni hizo zinapandisha sukari hata kwa mtu ambaye hakuwa na ugonjwa huo. AVC ikiwa kubwa, hofu ya mwili nayo ni kubwa. Kwa hiyo sukari ya juu kwa sehemu fulani inaharibu ubongo, na kwa sehemu nyingine ni alama tu ya ubongo uliokwisha kuharibika. Hapo ndipo wanganga wenyewe walibishana kwa miaka mingi: kama ni alama tu, kuishusha kutasaidia nini?

Jibu lilitoka Marekani mwaka wa 2019, katika utafiti unaoitwa SHINE. Wagonjwa 1,151 wa AVC ya mshipa kuzibwa, wote wenye sukari juu, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa insulini katika mshipa ili sukari ikae kati ya 80 na 130, zile namba zinazoonekana kwenye aparei ya kidole. Kundi la pili lilitunzwa kwa utulivu zaidi, na sukari iliachwa kufika mpaka 179. Kisha siku 90 walihesabu waliopata nafuu nzuri: asilimia 20.5 katika kundi la kwanza, asilimia 21.6 katika la pili. Hakuna faida. Lakini katika kundi la insulini kali, wagonjwa 15 sukari yao ilianguka vibaya sana. Katika lile lingine, hakuna hata mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya mwisho wake.

Kwa maneno mengine, uharibifu uliochukua miaka 10 kujengwa haufutwi kwa shindano la saa 3 usiku. Leo miongozo mingi inaomba tu sukari ya mgonjwa wa AVC isiachwe kuruka juu sana, karibu na 140 mpaka 180, na isishuke kamwe chini ya 60 bila kutibiwa palepale.

Basi je, hospitali haina la kufanya? Hapana. Utafiti mwingine, wa Australia, uliotoka mwaka wa 2011, unastahili kujulikana zaidi Bukavu kuliko ule wa Marekani, maana haukutegemea mashine kubwa. Ulifanywa katika hospitali 19, na kazi iliwekwa mikononi mwa wauguzi. Walifundishwa mambo matatu: kupima homa na kuishusha mapema, kupima sukari mara kwa mara na kutibu ile iliyopita kiasi, na kujaribu kama mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kumpa chakula, maji ao kidonge. Kisha siku 90, katika hospitali zilizofuata mpango huo, asilimia 42 ya wagonjwa walikuwa wamekufa ao kubaki tegemezi. Katika zile ambazo hazikufuata, ilikuwa asilimia 58. Termometa, aparei ya sukari, kikombe cha maji, na muuguzi anayejua anachotafuta. Vitu hivyo vinaweza kupatikana Panzi, Cimpunda ao Nyawera.

Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni hadithi nyingine. Inaomba mgonjwa afike ndani ya saa 4 na nusu, apite kwenye skana ili kuhakikisha damu haimwagiki, kisha alipe dawa ya bei kali. Kwa familia nyingi za mji huu saa hizo zinaisha wakiwa bado wanatafuta nani wa kuwakopesha pesa za kuingilia hospitali.

AVC ambayo si AVC

Sehemu hii ndiyo ambayo kituo cha afya cha mtaa kinaweza kuokoa mtu bila kumpeleka popote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Sukari ikianguka chini sana, ubongo unakosa chakula. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka kama mlevi, anaweza kupoteza fahamu. Na mara nyingine upande mmoja wa mwili unalegea, mkono na mguu havifanyi kazi, sawasawa kabisa na AVC. Jicho peke yake haliwezi kutofautisha, hata jicho la munganga. Tone moja la damu kwenye bandeleti linatofautisha katika muda wa chini ya dakika moja. Kama ni sukari iliyoshuka, seromu yenye glukozi inaweza kumwamsha mgonjwa mbele ya macho ya familia, na mkono uliolegea ukarudia nguvu zake. Ikikosa kutambuliwa, ubongo unaweza kuharibika kwa kweli, ao mtu akafa akiwa na karatasi iliyoandikwa AVC.

Nani yuko katika hatari hiyo? Kwanza wazee wanaokunywa glibenklamidi, kidonge cha bei rahisi ambacho kimekuwa dawa ya sukari ya watu wa kawaida. Kinafanya kazi, lakini kinalazimisha mwili kutoa insulini iwe umekula ao hukula. Orodha ya dawa za lazima ya OMS inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliopita miaka 60, na inaweka gliklazidi mahali pake. Katika maduka ya dawa ya mji, glibenklamidi inaendelea kuuzwa kwa muzee yeyote mwenye kuiomba, mara nyingi bila karatasi ya munganga. Hapo kuna kazi ya kufanya, na haiombi msaada kutoka ng'ambo.

Chukua mfano wa mama wa miaka 65 anayemeza kidonge hicho kila asubuhi. Jioni bugali ilikuwa kidogo, akawaachia wajukuu. Asubuhi anameza kidonge chake kama kawaida, sababu aliambiwa asikose hata siku moja. Saa tano anaanguka. Majirani wanaona mkono umelegea na wanasema AVC. Kwa kweli kilichomwangusha ni njaa pamoja na kidonge. Katika mji ambamo chakula cha familia nyingi kinapungua, mfano huo si wa mbali.

Kufunga nako kunahusika. Bukavu ni mji wa maombi, na kuna vikundi vinavyofunga siku 3 bila kula wala kunywa. Waislamu nao wana mwezi wao wa Ramadhani. Hakuna anayepaswa kumzuia mtu kumwomba Mungu wake, lakini mgonjwa wa sukari anayefunga huku anaendelea na kidonge ao insulini ileile anajiweka katika hatari ya kuanguka kanisani ao msikitini. Jambo hilo linaomba kuongewa na munganga kabla ya siku za kufunga, na wachungaji wanaweza kusaidia sana kwa kulitangaza.

Na kuna kinini. Mji wa Bukavu unaijua dawa hiyo kuliko miji mingi ya dunia, kwa kuwa Pharmakina inaitengeneza hapahapa kutokana na magome ya miti inayolimwa Kivu. Kinini imeokoa watu wengi wa malaria. Lakini inasukuma kongosho kutoa insulini, hasa ikipitishwa kwenye mshipa, na inaweza kushusha sukari, zaidi kwa wanawake wenye mimba na watoto wadogo. Mgonjwa wa malaria aliye katika kinini na ambaye ghafla anachanganyikiwa anastahili kupimwa kidole kabla ya kusema malaria imepanda kichwani.

Vita, benki na friji

Kusema «tunzeni sukari yenu» ni rahisi. Katikati ya mwezi wa pili wa mwaka 2025, wiki chache kisha Goma, mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa AFC/M23. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama, benki zilifunga. Mwenye mshahara alishindwa kuufikia, mfanyabiashara wa dawa alipata shida kuleta mzigo. Ugonjwa wa sukari haungoji barabara ifunguliwe. Mtu anayetumia insulini akiikosa siku chache tu, kwa wengine hayo ni maisha yao. Anayetumia vidonge anaweza kupunguza kimoja, kisha kingine, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Hajisikii vibaya mara moja. Uharibifu wa mishipa unaendelea kimya.

Kwa insulini kuna hofu ya pili: umeme. Chupa ambayo haijafunguliwa inatunzwa kati ya digri 2 na 8, na familia nyingi hazina friji, ao zina friji ambayo umeme wa SNEL unaitembelea kama mgeni. Hapa kuna habari nzuri kidogo, na inatoka kwa majirani. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini katika joto lilelile linalopatikana ndani ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako digri zinapanda na kushuka kati ya 25 na 37. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2021: insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Bukavu, kando ya ziwa Kivu, kwenye kimo cha karibu mita 1,500, ni baridi kuliko Dagahaley. Kwa hiyo mgonjwa asiye na friji hana sababu ya kunyimwa insulini ya mwezi mmoja na kulazimishwa kupanda na kushuka kila siku kituoni kwa shindano. Chupa ikae kivulini, mbali na jiko na dirisha la jua, ndani ya chungu cha udongo chenye kuloweshwa nje kama kipo. Muuguzi ndiye atakayeonyesha namna.

Bandeleti ni tatizo lingine, na labda ndilo linalokasirisha zaidi. Aparei inanunuliwa mara moja, wakati mwingine hata inatolewa bure, lakini kila aparei inakubali bandeleti za aina yake tu. Zikiisha sokoni, ao bei ikipanda, aparei inakuwa mapambo ya kabati. Kuna nyumba zenye aparei mbili ambazo hakuna hata moja inayopima.

Tansio isisahauliwe nyuma ya sukari

Ingekuwa vibaya mtu asome habari hii na kufikiri sukari ndiyo adui mkubwa wa ubongo. Adui wa kwanza ni tansio. Utafiti wa Uingereza uliofuata wagonjwa wa sukari kwa miaka mingi, UKPDS, ulitoa matokeo mwaka wa 1998. Kushikilia sukari kwa nguvu kuliokoa macho na figo, lakini hakukupunguza AVC kwa kiasi cha kuhakikishwa. Kwa wagonjwa hao hao wa sukari, kushikilia tansio kulipunguza AVC kwa asilimia 44. Mwenye sukari anayepima kidole kila wiki lakini hajui tansio yake ni ngapi amefunga dirisha akaacha mlango wazi. Na ankodi ya kupima tansio haihitaji bandeleti: inapima mtaa mzima kwa miaka.

Maisha ya mji yanaongeza uzito. Huko Tanzania, kati ya 2003 na 2006, watafiti walihesabu AVC mpya katika wilaya ya Hai, mashambani kwenye Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Kwa watu 100,000 kwa mwaka, Hai ilipata karibu 109, Dar es Salaam karibu 316. Wataalamu hawana sababu moja tu ya kueleza tofauti hiyo. Lakini mji wa Bukavu, unaojazwa mwaka kwa mwaka na watu wanaokimbia vita vya vijijini, waliozoea kutembea na kulima na sasa wanakaa siku nzima mbele ya meza ya kuuzia makala na kube za chumvi, una kila sababu ya kuangalia namba hizo.

Zone za afya za Ibanda, Kadutu na Bagira haziwezi kufungua Kavumu wala kuweka skana kwenye kila mtaa. Zinaweza kuomba kila kituo cha afya kiwe na bandeleti za dharura ambazo haziuzwi wala hazingoji familia ilipe kwanza, kwa ajili ya mtu yeyote aliyeanguka, aliyechanganyikiwa ao aliyelegea upande. Zinaweza kuomba karatasi ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa iwe na namba tatu juu kabisa: sukari, tansio, na saa ambayo mtu alionekana mzima kwa mara ya mwisho.

Nyumbani nako kuna machache ya kufanya wakati pikipiki ao gari inatafutwa. Mgonjwa alazwe kwa ubavu. Asipewe maji, chai, mafuta ya maombi ya kunywa wala kidonge chochote kama hawezi kumeza vizuri, maana vitaingia mapafuni. Kama ana fahamu, anameza vizuri na anajulikana kutumia dawa ya sukari, maji yenye sukari hayatamwua: yakiwa si ya lazima yatapandisha namba kidogo, yakiwa ya lazima yataokoa ubongo. Asiongezewe insulini ao vidonge kwa kukisia. Na mtu mmoja achukue pakiti za dawa zote alizokuwa anameza, hata zile za muganga wa miti, azitie katika mfuko na kupanda nazo. Munganga wa zamu ataziuliza kabla ya kuuliza jina.